Yavuyavu Akikuchoma: Sumu Nyingi Bado Iko Juu ya Ngozi

Barua kuhusu yavuyavu, ambaye wengine humwita konyeza na wengine kiwavi wa baharini, zimetufikia nyingi. Zilizofanana tumeziunganisha. Jibu la kwanza ni refu kwa makusudi, kwani yanayofuata yanasimama juu yake.

Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka tisa alichomwa na yavuyavu mguuni akiogelea. Ushauri ulimiminika kutoka kila upande: mmoja alisema akojolewe, mwingine akafungua chupa ya maji ya kunywa ammwagie, wa tatu akachota mchanga na kuanza kumsugua. Nani alikuwa sahihi? (Mama wa watoto wawili)

Marahaba, mama. Hakuna aliyekuwa sahihi, na wote watatu wangeweza kumwongezea mtoto maumivu. Pole sana kwake.

Mnyiri wa yavuyavu umejaa vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo wataalamu huviita nematosisti. Ndani ya kila kifuko kuna sumu pamoja na mrija mwembamba uliokunjwakunjwa. Shinikizo lililofungiwa humo ni takriban mara 150 ya shinikizo la hewa tunayovuta. Kifuko kikiguswa, au kikihisi kemikali za ngozi, kifuniko hufyatuka na mrija hutoka kwa kujipindua, kama kidole cha glavu kilichoingia ndani kinapopulizwa kitoke nje. Ncha yake hutoboa ngozi na sumu hufuata. Mwaka 2006 watafiti wa Ujerumani walipima kasi hiyo kwa kamera maalumu wakimtumia haidra, mnyama mdogo wa jamii hiyohiyo. Mfyatuko wenyewe ulichukua takriban nanosekunde 700, yaani chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Hakuna mguu unaoweza kukwepa kasi hiyo.

Sasa liangalie lile ambalo watu hawalioni. Kipande cha mnyiri kilichonata kwenye mguu wa mtoto kina maelfu ya vifuko, na ni baadhi tu vilivyokwisha kufyatuka. Vingine vingi bado vimetegwa. Kwa hiyo dakika chache zinazofuata ndizo zinazoamua ni sumu kiasi gani zaidi itaingia mwilini. Maji ya kunywa hayana chumvi, na mabadiliko hayo ya ghafla ya chumvi huvifyatua vifuko vilivyosalia. Mkojo nao chumvi yake haitabiriki, na mara nyingi hufanya kazi kama maji ya kunywa. Mchanga na taulo huvikandamiza, navyo vikikandamizwa hufyatuka. Pombe, spiriti na manukato ni hivyohivyo.

Cha kufanya ni hiki. Mtoe mtoto majini, mkalishe, na mguu utulie; akikimbiakimbia misuli husukuma sumu kwenye damu. Mwagia sehemu iliyochomwa siki au, siki isipofaa au isipokuwapo, maji ya bahari (ni wakati gani siki inafaa, soma barua inayofuata). Mwagia tu, usisugue. Kisha nyofoa vipande vya minyiri kimoja kimoja kwa kibanio, ukivivuta kwenda juu. Usivikwangue kwa kadi ya benki wala ubapa wa kisu. Ushauri huo ni maarufu, lakini kukwangua ni kukandamiza, nasi tumekwisha ona kukandamiza kunaleta nini. Pasipo kibanio, tumia vidole vyenye glavu au vijiti viwili. Baada ya hapo ndipo maji ya moto (ya moto kiasi gani, soma jibu la kijana mpiga mbizi), halafu parasetamoli kwa kipimo cha uzito wa mtoto. Usimfunge bandeji ya kubana.

Mpeleke hospitali bila kusubiri ikiwa anapumua kwa shida, anatapika, ana maumivu ya kifua au mgongo, uso wake unavimba, amechomwa usoni au machoni, au alama zimeenea zaidi ya nusu ya mguu.

Ndugu wahariri, nimesoma mahali kwamba siki ni dawa ya yavuyavu, na mahali pengine kwamba siki huzidisha sumu. Nishike lipi? (Msomaji wa siku nyingi)

Yote mawili yana ukweli wake, kwa sababu “yavuyavu” ni jina moja la wanyama wengi. Siki haiondoi sumu iliyokwisha kuingia wala haitulizi maumivu. Kazi yake ni moja tu: kuzuia vifuko ambavyo bado havijafyatuka.

Kwa yavuyavu-sanduku, wale wenye mwavuli wa pembe nne, siki hufanya kazi hiyo vizuri. Jambo hili lilionyeshwa kwa vipimo Australia mwaka 1980. Inatakiwa siki ya kawaida ya chakula, yenye asidi ya asetiki asilimia 4 hadi 6, imwagwe mfululizo kwa sekunde zisizopungua 30 hadi eneo lote lilowane. Usitumie asidi ya asetiki kali inayouzwa ili izimuliwe, maana hiyo huunguza ngozi. Mwaka 2014 watafiti wengine wa Australia walidai kwamba siki huwezesha vifuko vilivyokwisha kufyatuka kukamua mabaki ya sumu. Dai hilo limepingwa, na miongozo ya huko bado inaagiza siki.

Mrengo wa kireno, Physalia, ni habari nyingine. Yule mwenye puto la buluu linaloelea si yavuyavu halisi hata kidogo, bali ni kundi la viumbe vidogo vilivyoungana na kuishi kama mnyama mmoja, na minyiri yake inaweza kufika mita 30. Kwake wataalamu hawajakubaliana: Australia husema maji ya bahari, ilhali utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliona siki ni bora. Na yupo Pelagia noctiluca, yule wa zambarau wa Mediterania, ambaye siki humfyatulia vifuko. Mchomo wake hupakwa mchanganyiko wa maji ya bahari na sodiamu baikaboneti (soda ya kuokea) kwa kiasi sawa, ukaachwa kwa dakika 2.

Msimamo wetu ni huu. Ukiwa kwenye bahari ya joto wanakopatikana yavuyavu-sanduku na hujui umechomwa na nani, mwaga siki, kwa sababu kumkosea huyo kunaweza kugharimu uhai. Ukiliona lile puto la buluu kwa macho yako, maji ya bahari kisha maji ya moto yatakutosha.

Barafu au maji ya moto? Na kama sina kipimajoto, nitajuaje? (Kijana mpiga mbizi)

Maji ya moto. Sumu hii kwa sehemu kubwa ni protini, na protini ikipata joto la kutosha hupoteza umbo lake na kushindwa kazi. Mwaka 2006, huko Australia, watu waliochomwa na Physalia waligawanywa makundi mawili. Baada ya dakika 20, asilimia 87 ya waliotumia maji ya nyuzi 45 za Selsiasi walikuwa wamepata nafuu, dhidi ya asilimia 33 ya waliowekewa barafu. Barafu hutia ganzi tu, na ikiyeyuka inamwaga maji yasiyo na chumvi juu ya vifuko vilivyosalia. Ukilazimika kuitumia, ifunge ndani ya mfuko mkavu wa plastiki.

Bila kipimajoto, changanya sehemu 1 ya maji yaliyochemka na sehemu 3 za maji ya kawaida yenye joto la takriban nyuzi 25. Utapata takriban nyuzi 44. Kama maji yako ya kawaida ni ya baridi kuliko hayo, punguza sehemu zake ziwe mbili na robo hivi. Mwenzako aingize mkono kwanza na auache humo nusu dakika: yawe ya moto anayoweza kuyavumilia, asiutoe kwa kuungua. Usijipimie kwa sehemu iliyochomwa, kwani ngozi inayouma haitofautishi vizuri joto na maumivu, na wengi wamejibabua hivyo.

Tumbukiza sehemu hiyo dakika 20, ikibidi hadi 45. Kosa la kawaida ni kusahau kwamba beseni hupoa. Kila baada ya dakika tano toa mguu, ongeza maji ya moto, koroga, pima, ndipo uurudishe. Mgongo na kifua havitumbukiziki, basi simama chini ya bomba la maji ya moto, lakini vipande vya minyiri viwe vimekwisha nyofolewa.

Wavu wangu ulikaa juani siku tatu ukakauka kabisa. Nilipoulowesha ukanichoma mikono yote miwili. Mnyama alikwisha kufa, hiyo sumu ilitoka wapi? (Mvuvi)

Kifuko hakingoji amri ya mnyama. Ni kama mtego uliotegwa njiani: mtegaji akifa, mtego haufi naye. Yavuyavu hana hata ubongo wa kuamuru. Kila kifuko kina kichochezi chake. Vikikauka hulala, vikipata maji huamka, hata baada ya siku nyingi. Ndiyo maana yavuyavu aliyetupwa ufukweni hachezewi.

Suuza wavu kwa maji ya bahari ukingali mbichi, ukisimama upande upepo unakotoka ili matone yasikurudie. Vaa glavu za mpira zinazofika kiwikoni, na miwani wakati wa kuvuta, maana ute huruka. Wavu uliokauka usiukung'ute: ute mkavu hupukutika ukawa vumbi linalowasha macho na kuziba pua. Na kabla ya kujifuta jasho usoni, vua glavu.

Mimi ni mwokoaji wa waogeleaji. Inasemwa yupo yavuyavu anayeua kabla gari la wagonjwa halijafika. Anauaje kwa haraka hivyo?

Yupo: Chironex fleckeri, yavuyavu-sanduku wa kaskazini mwa Australia, na ana ndugu zake kusini-mashariki mwa Asia, ikiwemo Ufilipino. Mwavuli wake huweza kufika upana wa sentimita 30. Kila pembe ya mwavuli hubeba minyiri hadi 15, jumla 60, na mmoja unaweza kunyooka mita 3. Majini haonekani, kwa kuwa mwili wake ni kama maji yenyewe.

Sumu yake ina protini zinazotoboa kuta za seli. Chukua chembe nyekundu ya damu: ndani yake kuna potasiamu nyingi, nje kuna kidogo sana, na ukuta ndio unaozitenganisha. Protini hizo hujipanga kwa duara ukutani na kuacha tundu katikati, potasiamu ikavujia kwenye damu. Moyo hupiga kwa kutegemea tofauti hiyo ya potasiamu ndani na nje ya seli zake. Ikivurugika, mapigo hupotoka kisha husimama. Sumu nayo hushambulia moyo moja kwa moja. Aliyechomwa sana anaweza kufa ndani ya dakika 2 hadi 5. Watoto wako hatarini zaidi, kwani sumu ileile inaingia kwenye mwili mdogo.

Utamtambua kwa alama zake: mistari mirefu iliyopishana kama mijeledi, yenye vipingili kama ngazi, na kilio cha maumivu palepale. Mtu mmoja aite msaada, wewe mwagia siki sekunde 30. Lakini kama mtu amezimia na hapumui kawaida, siki ngoja: anza kubonyeza kifua. Katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, pumzi 2 kila baada ya mibonyezo 30. Siki amwage mtu mwingine. Kama kuna mashine ya kushtua moyo, kausha kifua kwanza. Na usikate tamaa mapema. Wapo waliorudishwa baada ya kubonyezwa kwa muda mrefu, kwa kuwa sumu hupungua nguvu kadiri muda unavyokwenda.

Dawa ya kupinga sumu hiyo ipo tangu 1970, hutengenezwa kutokana na damu ya kondoo, na hutolewa hospitali au na wahudumu waliofunzwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney waligundua kwamba sumu hii huhitaji kolesteroli iliyo kwenye ukuta wa seli ili ifanye kazi. Dawa inayoondoa kolesteroli hiyo iliwasaidia panya ilipotolewa ndani ya dakika 15. Kwa binadamu bado haijawa tiba.

Kinga ni nyepesi kuliko tiba. Vazi jembamba la laikra linalofunika mikono na miguu huzuia vifuko, kwani mirija yake ni mifupi na kitambaa hakitoi kemikali za ngozi zinazovichochea.

Dada yangu alichomwa kidogo tu, alama haikuonekana. Baada ya nusu saa akaanza kulia kwa maumivu ya mgongo, jasho likamtiririka, akawa anasema “nakufa”. Tulidhani ni woga. Ulikuwa woga?

Hapana, ndugu yetu, na asante kwa kuuliza, kwa sababu wengi wa namna hiyo huambiwa wanajitia. Dalili unazozieleza zinalingana na ugonjwa wa Irukandji, jina alilolitoa daktari Hugo Flecker mwaka 1952 kutokana na watu wa asili wa eneo la Cairns, Australia. Chanzo hakikujulikana hadi mwaka 1961, daktari Jack Barnes alipomkamata yavuyavu mdogo mwenye mwavuli wa sentimita 1 hivi na minyiri minne tu. Alijichoma mwenyewe, akamchoma mwanawe wa miaka tisa na mwokoaji mmoja kwa makusudi, wote watatu wakaishia hospitali. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingeruhusu jambo hilo. Mnyama huyo sasa anaitwa Carukia barnesi.

Mwanzo mchomo ni mdogo. Baada ya dakika 20 hadi 40 sumu huufanya mwili umwage adrenalini na homoni za jamii yake kwa wingi kupita kiasi. Hapo ndipo unapata mgongo na tumbo kukaza, kichefuchefu, jasho jingi, mapigo ya haraka na shinikizo la damu kupanda sana. Ile hisia ya kufa ni dalili ya sumu yenyewe, si udhaifu wa moyo wa mtu. Wachache moyo wao huchoka na mapafu kujaa maji. Mwaka 2002 watu wawili walikufa Australia, na shinikizo hilo likahusishwa na damu kuvuja ubongoni.

Hospitali watampa dawa kali za maumivu, watamshusha shinikizo, na watakagua moyo kwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na kipimo cha troponini, protini ya damuni inayoonyesha kama moyo umeumia. Mwambie daktari saa aliyochomwa na saa dalili zilipoanza. Pengo hilo ndilo linalomwelekeza. Na baada ya mchomo wowote kwenye bahari ya joto, usimwache mtu arudi majini au alale peke yake kabla saa nzima haijapita.

Nimechomwa mara tatu. Je, mwili huzoea?

Hauzoei, na kwa wengine mambo huwa mabaya zaidi. Ugunduzi huo ulianzia kwa wanyama hawahawa. Mwaka 1901 Charles Richet na Paul Portier walikuwa katika meli ya utafiti ya mwanamfalme Albert wa Kwanza wa Monaco, wakichunguza sumu ya Physalia. Waliporudi Paris waliendelea kwa sumu ya viumbe wa jamii ya karibu. Mbwa waliokwisha pata dozi na kupona walipewa dozi ndogo wiki kadhaa baadaye, wakafa kwa muda mfupi. Mwaka 1902 waliipa hali hiyo jina la anafilaksia, na mwaka 1913 Richet akapata Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo ukichomwa tena ukaona vipele mwili mzima mbali na mchomo, midomo kuvimba, sauti kukwaruza au kifua kubana, huo ni mzio. Tiba ya kwanza ni adrenalini kwenye msuli wa paja, miligramu 0.5 kwa mtu mzima. Vidonge vya mzio peke yake havitoshi. Lala chali na miguu iinuliwe. Ukishindwa kupumua, keti.

Nilipata vipele chini ya vazi la kuogelea tu, na sikugusa yavuyavu yeyote. Mwenzangu naye alama zilipona, zikarudi baada ya siku kumi. Tufanyeje?

Vipele vya chini ya nguo mara nyingi huletwa na vibuu vya yavuyavu, kama vile Linuche unguiculata, ambavyo ni vidogo kama punje za pilipili manga iliyosagwa. Hunaswa kati ya nguo na ngozi, na hufyatua nguo inapobana au unapooga maji yasiyo na chumvi ukiwa bado umeivaa. Basi vua kwanza, ndipo uoge. Nguo ifue kwa sabuni na maji ya moto, uikaushe kwa joto; ukiivaa bila kuifua vizuri inaweza kukuchoma tena. Waogeleaji wengine huchomwa na Cassiopea, yavuyavu anayelala chali kwenye sakafu ya maji ya kina kifupi. Mwaka 2020 ilibainika kwamba hutoa ute wenye vidonge vidogo vya seli vinavyoogelea na kuchoma bila minyiri kukugusa.

Alama zinazorudi baada ya wiki moja au mbili ni mwitikio wa kinga ya mwili, si sumu mpya. Mwenzako apake krimu ya haidrokotisoni asilimia 1 mara mbili kwa siku kwa siku chache, na usiku ameze setirizini, kidonge cha mzio, miligramu 10 kama kuwashwa kunamnyima usingizi. Asijikune, mkwaruzo huingiza vijidudu, na doa jeusi huweza kudumu miezi. Pakianza kutoa usaha, kuwa pamoto, au mstari mwekundu ukapanda kuelekea mwilini, aende kituo cha afya siku hiyohiyo, na aulizwe chanjo ya pepopunda alichoma lini mara ya mwisho.